Kinywa cha Punda Husomwa Nje ya Kinywa

Msikilizaji, mwenye punda anayetaka kujua kama mnyama wake yu mzima hutazama kwanza mgongo, kisha kwato. Ni desturi yenye mantiki, kwa kuwa mgongo ndio unaobeba na kwato ndizo zinazotembea, na kidonda cha tandiko huonekana hata na mpita njia. Kinywa hakimo katika ukaguzi huo. Hukumbukwa siku punda anapogoma kula, au siku anaposimama kando ya hori shingo ameinyoosha na povu la kijani likimtoka puani. Siku hiyo mtu wa kwanza kufika humfumbua taya kwa nguvu na kuingiza mkono. Hoja yangu leo ni kwamba desturi hiyo ina kasoro mbili zinazofuatana: kuchelewa kutazama, kisha kuharakisha kugusa. Maradhi ya kinywa na koo ya punda na farasi husomwa nje ya kinywa, yaani kwenye kinyesi, kwenye hori, kwenye tundu za pua, kwenye mbavu, na kwenye muda ambao mnyama anatumia kumaliza chakula chake. Anayezijua alama hizo humwita daktari wa mifugo mapema, na wakati akimsubiri anajua pia mambo ya kutofanya, ambayo katika maradhi haya mara nyingi yana uzito kuliko ya kufanya.

Tuanze na umbile, maana ndilo chimbuko la taabu yenyewe. Jino la mtu mzima likishaota limemaliza safari yake, lakini la punda na farasi haliko hivyo. Gego la farasi kijana ni refu sana, sehemu yake kubwa ikiwa imefichwa ndani ya mfupa wa taya, na kila mwaka husukumwa nje kwa milimita 2 hadi 3 ili kufidia kile kinachosagika. Mnyama aliyekomaa ana magego 24, sita kwa kila upande wa kila taya, na meno ya mbele 12. Madume kwa kawaida huongeza chonge nne. Mpango huu huenda vizuri ikiwa kusagika kunalingana na kuota. Tatizo ni kwamba taya ya juu ni pana kuliko ya chini, kwa hiyo ukingo wa nje wa magego ya juu na ukingo wa ndani wa magego ya chini haukutani sawasawa na jino la kuusaga. Hapo huchongoka ncha kali: za juu hukwaruza shavu, za chini hukata ulimi. Chakula nacho kina mchango wake. Majani marefu humlazimisha mnyama kuzungusha taya kwa upana, ilhali nafaka na pumba humruhusu kutafuna kwa mwendo mfupi. Farasi hutafuna zaidi ya mara 3,000 kumaliza kilo moja ya nyasi kavu, na nafaka ya uzito huo humalizwa kwa chini ya nusu ya idadi hiyo. Punda wa mjini anayeshinda kwenye mkokoteni na kulishwa pumba jioni hunyimwa vitu viwili kwa mpigo: msago wa kulinganisha meno yake, na mate, kwa kuwa mate ya mnyama huyu hutiririka kwa wingi anapokuwa anatafuna.

Sasa, kwa nini mwenye punda asifungue tu kinywa akaangalia? Kwa sababu hataona kinachomsumbua mnyama. Mdomo wa punda hufunguka kidogo, mashavu yake yamebana, na magego huanza mbali nyuma ya meno ya mbele, yakaendelea mpaka karibu chini ya jicho. Mwenye punda akiinua mdomo wa juu huona meno ya mbele, huenda akakadiria umri, kwa kuwa jozi za kudumu hutoka karibu na miaka 2 na nusu, 3 na nusu na 4 na nusu, kisha akaridhika. Lakini meno ya mbele ni ya kukatia majani, na kazi kubwa ya kusaga iko nyuma, gizani. Daktari anayekagua kinywa ipasavyo hutumia dawa ya kumtuliza mnyama, chombo cha kushikilia taya zisifunge, taa na kioo. Bila hivyo, mkono unaoingia huambulia kung'atwa, au hurudi na habari isiyo kamili. Juu ya hayo kuna tabia ya punda mwenyewe. Akiumwa hapigi kelele, hajigaragazi ovyo kama farasi mwenye maumivu ya tumbo. Hupunguza mwendo, hulegeza masikio, na watu husema amekuwa mvivu au mkaidi. Ndiyo maana nasema ushahidi utafutwe mahali pengine, palipo wazi, pasipohitaji chombo wala ujasiri.

Mahali pa kwanza ni kinyesi. Punda mwenye magego mazuri husaga majani mpaka nyuzi zikawa fupi na laini, na punje za mahindi hazipiti nzima. Ukivunja donge la samadi ukakuta nyuzi ndefu kama zilivyokuwa shambani, au nafaka iliyopita bila kuguswa, una sababu ya kushuku kwamba kinu cha kinywani hakifanyi kazi. Si ushahidi wa kutosha peke yake, kwa kuwa mnyama mlafi naye humeza haraka, lakini ni swali linalotaka jibu. Mahali pa pili ni chini ya hori. Mnyama mwenye jino bovu hutafuna, husita, kisha hudondosha tonge lililonyongwa na kulowa mate, ambalo hukauka likabaki kama kisokoto cha kamba. Mwenye nyumba anayefagia zizi kila asubuhi hulifagia bila kujua kwamba ametupa barua iliyoandikwa kwa jina lake. Mahali pa tatu ni shavu: uvimbe upande mmoja unaokwenda na kurudi huwa ni chakula kilichosokotwa kati ya jino na shavu ili ncha isichome. Mahali pa nne ni pua. Usaha unaotoka tundu moja tu, hasa ukinuka, hukuelekeza kwenye mizizi ya magego ya juu ya nyuma, kwa kuwa mizizi hiyo imepakana na vyumba vya hewa vya mfupa wa uso, na jino likioza uchafu huingia humo. Na mahali pa mwisho ni saa. Mnyama aliyekuwa akimaliza fungu lake kabla ya adhana ya isha, sasa anaendelea nalo hadi usiku wa manane, amekueleza jambo zito bila kulia.

Hapa msikilizaji mwenye uzoefu atapinga: mradi anakula, si ni mzima? Pingamizi hili lina nguvu kwa sababu ndilo kipimo tulichorithi, na kwa maradhi mengi ni kipimo kizuri. Kwa kinywa hakifai. Punda mwenye njaa ataendelea kusimama horini hata akiumia, akitafuna upande mmoja, akichagua laini na kuacha kikavu. Kuna ushahidi wa kutufanya tuwe waangalifu. Nchini Uingereza, wataalamu walikagua vinywa vya punda 349 waliokufa katika miaka ya 2005 na 2006 kwenye kituo cha hifadhi, na asilimia 93 kati yao walikuwa na kasoro ya meno ya namna fulani. Ni haki kusema kwamba punda wale walikuwa wazee, wengi wakizidi umri ambao punda wetu wa mzigo hufikia, kwa hiyo idadi hiyo haiwezi kuhamishwa ikawekwa juu ya punda wa miaka sita wa Limuru au Arusha. Lakini iliyoongoza orodha ya kasoro zao ilikuwa mianya kati ya meno, ambamo chakula hunasa na kuozesha ufizi, na hilo ni donda linaloanza dogo, la maumivu makubwa, tena lisiloonekana na mtu anayeinua mdomo wa mbele. Somo lake kwetu ni kwamba punda anaweza kuishi, kula na kufanya kazi huku kinywa chake kikiharibika kwa miaka.

Pingamizi la pili hutoka kwa wapenda maumbile. Punda milia wa Serengeti na Maasai Mara, wasema, hana daktari wa meno, mbona ananenepa? Ni swali zuri, na jibu lake linaunga mkono hoja yangu badala ya kuipinga. Jamaa hao wa porini hula majani magumu sehemu kubwa ya mchana na usiku, kidogo kidogo, wakitembea, vichwa vikiwa chini. Hivyo ndivyo jino lao lilivyokusudiwa kusagwa. Punda wa kazi hupewa saa chache za kula na chakula laini, kisha tunamtarajia awe na meno ya porini. Aidha, punda milia ambaye meno yake yamemshinda hatumwoni kabisa, kwa kuwa hudhoofika, hubaki nyuma ya kundi, na simba humaliza habari. Walio mbele ya macho yetu ni wale waliosalimika. Kuchukua walionusurika na kuwafanya kigezo cha wote ni kuhesabu mavuno bila kuhesabu mbegu zilizooza.

Tuingie sasa kwenye koo, mahali ambapo haraka ya kugusa huleta hasara kubwa zaidi. Chakula kikimsakama punda au farasi, hukwama kwenye umio, bomba la misuli linalotoka kooni kwenda tumboni, ambalo kwa farasi mkubwa lina urefu wa zaidi ya mita moja. Mnyama huyu kwa kawaida hawezi kutapika, na kaakaa lake laini ni refu kiasi kwamba kinachorudi juu hakipitii mdomoni bali puani. Ndiyo sababu utaona ute wenye vipande vya chakula ukitoka tundu zote mbili za pua, mate yakichuruzika, kikohozi, shingo ikinyooshwa na kuvutwa, na pengine uvimbe upande wa kushoto wa shingo, umio unakopita. Anayetazama huingiwa na hofu kwa sababu hufananisha na mtu aliyekabwa na mfupa. Tofauti ni kubwa. Mtu aliyekabwa njia ya hewa imeziba, na dakika chache zinamtosha kufa. Punda aliyesakamwa anapumua, kwa kuwa kilichoziba ni njia ya chakula. Hatari yake ni nyingine: mate na chakula vinavyofurika kooni vinaweza kuteremka kwenye mapafu na kuleta homa ya mapafu, na tonge likikaa muda mrefu huumiza ukuta wa umio, ambao ukipona kwa kovu hubana njia na kumfanya asakamwe tena na tena.

Kutokana na tofauti hiyo, orodha ya yasiyofanywa inajieleza yenyewe. Usimnyweshe maji wala mafuta kwa chupa, kwa sababu njia ya tumboni imefungwa na unachomimina kitatafuta njia ya mapafu. Usimsukumie mpira wa bustani kooni. Usimpige kwato wala mgongo ukidhani utalitikisa tonge. Usimwingizie mkono mdomoni, kwani tonge liko mbali kupita ncha ya vidole vyako. Linalofanywa ni dogo lakini halina mbadala: ondoa chakula chote na maji, mpeleke kivulini, mtulize, mwache ateremshe kichwa ili mate yatiririke nje, andika saa ilipoanza, na umpigie simu daktari wa mifugo mara moja. Matukio mengi huachia yenyewe, na huenda tonge likashuka kabla daktari hajafika; hiyo ni heri, wala si sababu ya kuona aibu kwamba umemwita bure. Lisiposhuka, yeye atampa dawa ya kutuliza na ya kulegeza misuli, atampitishia bomba puani na kulainisha tonge kwa maji taratibu huku kichwa kikiwa chini. Baada ya hapo mnyama hulishwa vyakula vilivyoloweshwa kwa siku kadhaa, na mwenyewe huangalia homa, kikohozi au kupumua kwa taabu katika siku zinazofuata. Kisha lazima liulizwe swali ambalo wengi hulisahau wakishavuka salama: kwa nini alisakamwa? Mara nyingi jibu liko nyuma ya kinywa, kwa jino linaloshindwa kusaga, au liko kwenye hori.

Horini tunaweza kurekebisha mengi bila gharama. Pumba kavu zikichanganyika na mate machache huwa tope zito linaloshika ukuta wa umio. Gunzi la mahindi, kokwa ya embe na vipande vya muhogo mbichi ni vitu ambavyo mnyama mwenye njaa huvibugia akashindwa kuvisaga. Njaa yenyewe ndiyo chanzo cha kubugia: punda aliyeshinda na kiu na mzigo, akifika nyumbani akawekewa debe la pumba, atazifakamia. Basi mpangilio ubadilike. Apewe maji kwanza, afuate majani, na pumba zije mwisho zikiwa zimeloweshwa zikalainika. Mlafi awekewe mawe makubwa laini ndani ya hori ili alazimike kula akipekua. Mzee aliyekwisha magego hahitaji kuchinjwa wala kuachwa barabarani. Akikatiwa majani laini mafupi na kupewa uji mzito wa pumba anaweza kuishi vizuri miaka kadhaa. Taka za plastiki nazo ziondolewe njiani. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, lakini vifungashio na kamba za nailoni bado vimejaa kwenye majalala, na punda anayezururishwa atafute chakula mwenyewe huvila pamoja na maganda.

Nimefika kwenye sababu kubwa kuliko zote ya kuuzuia mkono. Si kila mnyama anayetokwa na udenda na kushindwa kumeza amesakamwa. Kichaa cha mbwa humshika punda na farasi vilevile, mara nyingi baada ya kung'atwa na mbwa ambaye hakuna aliyemwona, na mwanzoni kinaweza kufanana kabisa na chakula kilichokwama: koo limepooza, mate yanatoka, mnyama anahangaika, tabia imegeuka. Virusi viko ndani ya mate. Mtu mwenye mchubuko kidoleni akiingiza mkono kutafuta gunzi, huenda ameutoa uhai wake kwa ajili ya gunzi ambalo halikuwamo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na dalili zikishamwanza mtu kupona ni nadra mno. Aliyeguswa na mate hayo kwenye jeraha, jichoni au mdomoni aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akaeleze yaliyotokea ili apate chanjo. Wala asisubiri kuona punda atafikia wapi.

Magonjwa mengine nayo huvaa joho hilohilo, na yanatofautishwa kwa macho, kwa mbali. Pepopunda hufuata kidonda, mara nyingi cha kwato: taya hukaza, miguu husimama kama nguzo, na ngozi nyeupe ya kona ya jicho huchomoza mnyama anaposhtuka. Ugonjwa wa matezi ya koo huja na homa, uvimbe chini ya taya unaopasuka usaha, na makamasi mazito ya tundu zote mbili; huambukiza upesi, kwa hiyo mgonjwa atengwe na ndoo yake isichangiwe. Kwa farasi, hasa majira ya mvua usubi wanapozidi, kuna tauni ya farasi wa Afrika: povu hutoka puani, lakini ni povu lisilo na chakula, na mnyama anahema kwa shida na ana homa, tofauti na aliyesakamwa ambaye ute wake una rangi ya majani. Na mtoto wa punda anayetokwa maziwa puani kila anaponyonya huenda amezaliwa na kaakaa lenye mwanya. Msikilizaji ataona kwamba katika orodha yote hii hakuna hata ugonjwa mmoja ambao kuingiza mkono kinywani kungesaidia kuutambua.

Kuna pingamizi la tatu, na huenda ndilo la kweli kuliko yote: madaktari wa mifugo ni wachache, wako mbali, na wanataka pesa. Sina haja ya kulikana. Ndiyo sababu nimetanguliza alama ambazo hazigharimu shilingi. Mwenye punda anayevunja donge la samadi mara moja kwa wiki na kutazama chini ya hori kabla ya kufagia atamwita daktari mara chache zaidi, tena kwa sababu ya kweli. Kinyume chake, uhaba wa madaktari hufungua mlango kwa fundi wa tupa anayepita kijijini akikereza meno bila dawa ya kutuliza na bila kuona anachokereza. Ncha kali huondolewa, ni kweli, lakini jino hili lina uhai ndani yake. Likikerezwa kupita kiasi au likipashwa moto na tupa, kiini chake hufa, na mnyama huishia kuwa na jino lililooza badala ya jino lenye ncha. Mabaya zaidi ni mila iliyoenea sehemu mbalimbali duniani ya kuchoma au kuchanja kaakaa la mnyama kijana lililovimba nyuma ya meno ya mbele. Uvimbe ule mara nyingi ni wa kawaida katika umri wa kubadili meno. Maumivu ya tiba hiyo ndiyo yanayomzuia kula, kisha akaonekana alikuwa mgonjwa tangu mwanzo.

Na anayesema punda akifa atanunuliwa mwingine, hesabu zake zimepitwa na wakati. Sensa ya Kenya ya 2009 iliwahesabu punda zaidi ya milioni 1.8, ile ya 2019 iliwakuta takriban milioni 1.2. Katikati ya miaka hiyo, kuanzia 2016, machinjio ya punda yalifunguliwa kwa ajili ya biashara ya ngozi, wizi wa punda ukazidi, mpaka mwezi Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi zao barani kote. Mnyama anayepungua ni mnyama anayepanda bei. Kwa familia inayochota maji kwa punda, au kwa mchukuzi wa Lamu ambaye vichochoro vya mji wake havipitishi gari, kumpoteza mnyama ni kupoteza kipato. Hapo Lamu kliniki ya kutibu punda imekuwapo tangu 1987, nayo inaonyesha kwamba tiba ikiwa karibu na wenye wanyama, jambo hili linawezekana. Isitoshe, kuchelewa kwa punda kuna adhabu yake ya pekee. Punda asiyekula kwa siku mbili tatu, hasa mnene, mwenye mimba au anayenyonyesha, huanza kuyeyusha mafuta ya mwili wake kwa wingi mpaka yakafurika kwenye damu na kuliharibu ini. Wengi hufa kwa hilo, ingawa kisa kilianza na jino. Kwa hiyo kauli ya tumngojee mpaka Jumatatu, ambayo kwa ng'ombe pengine inavumilika, kwa punda inaweza kuwa ghali kuliko nauli ya daktari.

Bado nasikia pingamizi la mwisho: watu wenyewe hawana madaktari wa meno wa kutosha, mbona tuzungumzie wa punda? Kauli hiyo inadhani afya ya mnyama inapokonya afya ya mtu. Kwa kichaa cha mbwa tumeona ni kinyume, kwa kuwa mate ya mnyama na kidole cha mwenye mnyama ni habari moja. Kwa kipato ni vilevile, kwa sababu ada ya shule na dawa za mtoto katika nyumba nyingi hutoka mgongoni mwa punda. Wala sidai kwamba kila kijiji kijengewe hospitali ya meno ya wanyama. Ninachodai kinawezekana kwa tulivyo navyo. Ofisi za mifugo za kaunti na za wilaya tayari huandaa siku za kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Siku hizo wenye punda waalikwe pia, mnyama apimwe unene kwa kushikwa mbavu, mwenyewe aulizwe maswali matatu: kinyesi kikoje, nini kinadondoka horini, na anatumia muda gani kula. Atakayejibu vibaya apangiwe ukaguzi kamili wa kinywa, mnyama akiwa ametulizwa kwa dawa. Kwa mpango huo daktari mmoja aliye na chombo kimoja hatahangaika na punda mia ili awapate wagonjwa kumi. Wenye punda watakuwa wameshamchagulia.

Msikilizaji, kazi ya mwenye mnyama ni kuona na kuripoti, na kazi ya kufungua kinywa ni ya aliyesomea. Mgawanyo huo haumdharau mwenye punda. Unampa sehemu iliyo kubwa, kwa sababu daktari humwona mnyama kwa nusu saa, na mwenyewe humwona kila siku ya mwaka. Akianza kesho asubuhi kwa kutazama chini ya hori kabla ya kushika fagio, na akiuweka mkono wake nje ya mdomo wa mnyama anayetokwa na udenda, atakuwa amemlinda punda wake na amejilinda mwenyewe.